Chipsi Mayai ya Mtu Mmoja

Swali la nane katika dodoso langu lilikuwa hili: watu wangapi wanakula chungu kimoja katika kaya hii? Nililitunga mwenyewe nikiwa Dar es Salaam, na msimamizi wangu alilisifu kwa ufupi wake. Watu walilijibu bila shida. Sita. Wanne. Tisa, na huyu wa mgongoni. Mpaka nilipofika kwa bibi mmoja anayeishi pembezoni mwa kijiji, pale ambapo njia inaishia kwenye mikoko. Alifikiri kidogo, akasema, "Weka watatu."

Nikatazama huku na huku. Nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili, kitanda kimoja. Kandambili za mtu mmoja mlangoni.

"Watatu, bibi? Wewe na nani?"

"Wewe weka watatu, mjukuu wangu."

Nitalirudia jibu hilo. Kwanza nieleze habari ya viazi, maana bila viazi nisingelielewa, na maana habari ya viazi ndiyo inayonitia aibu.

Mwaka 2025 nilikaa wiki sita kwenye delta ya Rufiji, upande wa wilaya ya Kibiti, nikikusanya data za shahada ya uzamili. Nilitaka kujua jinsi kaya zilivyopanga upya chakula chao baada ya mafuriko ya 2024, yale yaliyofunika mashamba ya mpunga Rufiji na Kibiti mwezi wa Aprili, kabla watu hawajapumua kikaja kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei. Kijiji sitakitaja. Fomu ya ridhaa niliyowasomea watu inanikataza, na hata isingenikataza, wale watu ni majirani zangu sasa na jirani hatangazwi.

Nilipewa chumba katika nyumba ya mwalimu aliyehamishwa. Kila jioni, bila mimi kuomba, sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine ilifika mlangoni kwangu ikibebwa na mtoto. Wali na kamba. Wali na samaki wa nazi. Wali na mchuzi wa kaa, ambao ukiuonja unaelewa kwa nini watu wanarudi kujenga palepale mto ulipowatoa. Sikuwa na njaa hata siku moja. Naomba jambo hilo likumbukwe.

Siku ya tisa nilitoka kwenda Kibiti kuchapisha madodoso zaidi. Unapanda boti mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Bungu, kisha barabara kuu ya kusini mpaka Kibiti mjini. Kazi ilipoisha nilisimama kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi. Kioo chenye ukungu, kilima cha chipsi za asubuhi, jiko la mkaa linalopulizwa kwa kipande cha boksi. Kijana hakunisalimia. Aliniuliza swali ambalo muuza chipsi yeyote wa nchi hii huuliza:

"Mayai mangapi?"

Nikasema mawili. Akamimina chipsi kwenye kikaango, akapasua mayai kwenye kikombe, akayapiga kwa uma, akamwagia juu, akazungusha. Mtaani tunaita zege, kwa sababu ni kama zege kweli: kokoto na kinachozishika. Akafunika kwa sahani, akageuza, akanipa na kachumbari na kijiti cha kuchomea.

Nilipokuwa nakula niligundua kitu ambacho nilikuwa nimekila miaka minne ya shahada ya kwanza bila kukiona. Kile kikaango kina ukubwa wa sahani, na sahani ile ina ukubwa wa tumbo moja. Watu sita wakija pamoja hawapikiwi chipsi mayai moja kubwa. Wanapikiwa sita, moja baada ya nyingine, na wa kwanza anamaliza kabla wa mwisho hajapewa. Sinia la wali huanza na watu, kisha unapima mchele. Chipsi mayai huanza na mtu mmoja. Ni chakula cha dereva, cha mwanafunzi, cha kijana aliyepanga chumba, cha yeyote ambaye jioni ile hana wa kumngojea.

Mimi ni mtu wa Njombe, na kiazi mviringo kwetu ndicho kilichonilipia ada. Lakini nyumbani kiazi hakikuwa cha mtu. Mama alichemsha sufuria nzima, tukakaa tukimenya huku tukiungua vidole. Kiazi cha kujifungia nacho nilikutana nacho Dar.

Basi nikafanya nilichofanya. Nikanunua kilo moja ya viazi, mayai kumi, chupa ndogo ya mafuta ya alizeti, nikavifungasha ndani ya begi la kompyuta, katikati ya madodoso. Nadhani hata pale sokoni nilishajua kwamba naficha.

Jioni nikafunga mlango na dirisha. Nikamenya viazi viwili, nikavikata vipande vyembamba, nikaviosha mpaka maji yakaacha kuwa meupe, nikavikausha kwa khanga. Jiko la mkaa nililiweka ndani, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi. Nikavikaanga taratibu, viive bila kukauka. Mayai mawili kwenye kikombe, chumvi, nikapiga. Nikamwaga. Yai linapoanza kushika pembeni, unalisukuma kwa kijiko kuelekea katikati na kuinamisha kikaango ili lile bichi literemke mahali pake. Halafu inakuja sehemu ya hatari: sahani juu, mkono juu ya sahani, unageuza kwa mara moja bila kufikiri. Ukifikiri, inavunjika. Yangu haikuvunjika. Ilitoka mviringo, ya njano, yenye madoa ya kahawia, na ilinukia Kibiti nzima.

"Hodi."

Niliitambua sauti. Ni yule mtoto.

Nikaisukuma sahani chini ya kitanda. Nikasogeza begi mbele yake. Nikafungua mlango kiasi cha uso. Mtoto alikuwa amebeba wali na kamba, kama kawaida, na mdomoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kunusa. Hakuuliza kitu. Nikapokea, nikahamishia wali kwenye bakuli langu, nikamrudishia sahani yake.

Nilimrudishia tupu. Msomaji wa pwani ameshanielewa. Kwa asiyeelewa: sahani ya jirani hairudi tupu. Inarudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi. Siku nane zilizotangulia nilikuwa nimeirudisha na biskuti, na sukari kwenye karatasi. Siku ambayo chumba changu kilikuwa na chakula kuliko siku zote, ndiyo siku mtoto alirudi na sahani inayogongana na kifuniko chake gizani.

Nililala na njaa. Wali ulinishinda kwa aibu na chipsi mayai ilinishinda kwa sababu ilikuwa imepoa na ina unywele wa mkeka.

Sasa, nilikosa nini hasa? Nimekuwa nikijiuliza swali hili kwa muda ambao tasnifu yangu ingependa niutumie vingine. Kwa hesabu ya faida na hasara sina kosa. Hakuna aliyelala njaa kwa ajili yangu. Yule mtoto alikuwa ameshiba. Chakula kilitoka kwao kuja kwangu. Na hata ningegawa, mayai mawili kwa nyumba tano ni harufu tu. Kusema kwamba nilivunja desturi ya sahani hakutoshi pia, kwa sababu najijua: hata ningetia mule sukari robo kilo, bado ningejisikia vibaya, na labda vibaya zaidi, kama mtu aliyelipa faini kabla ya kushtakiwa.

Siku chache baadaye nilimweleza mwalimu wa madrasa, mzee mpole ambaye alikuwa mhojiwa wangu na ambaye alikuwa na kiu ya mazungumzo kuliko ya dodoso. Sikusema ni mimi. Nilisema "kuna mtu". Alicheka, nadhani alijua. Akaniambia kwamba swali hilo limo ndani ya Qur'ani, katika sura ya An-Nur, aya ya 61, ambako waumini wanaambiwa hakuna ubaya wakila pamoja au wakila mmoja mmoja. Mimi si Mwislamu na nilishangaa kwamba jambo dogo hivyo limeshuka kutoka mbinguni. Akasema si dogo. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wanaeleza kwamba walikuwapo Waarabu, wa Banu Kinana, walioona kula peke yako ni fedheha. Mtu aliweza kutembea na ngamia wake huku njaa inamuuma mpaka apate wa kula naye. Ruhusa ikaja kuwaondolea uzito.

"Lakini ni ruhusa," akasema mzee. "Ruhusa haikuambii ufunge dirisha."

Nilirudi chumbani nikiligeuza neno hilo. Pwani, ukipita mtu anakula, atasema "Karibu." Nawe utasema "Starehe," na utapita. Mara tisa kati ya kumi hakuna chakula kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwanauchumi angesema ni maneno matupu. Lakini angalia kinachotokea: mmoja amekubali kuwa kile kilicho mbele yake si chake kabisa, na mwingine amepata nafasi ya kumwachia. Yule anayepita naye ametoa kitu. Ametoa starehe. Nilipofunga dirisha, sikuwanyima majirani yai. Niliwanyima nafasi ya kusema starehe. Niliamua kwa niaba yao kwamba wao ni midomo tu, kwamba wakinusa watataka, kwamba hawana la kunipa mimi. Na yule mtoto, mwenye miaka saba au minane, alinusa, akaelewa, akanyamaza, akapokea sahani tupu. Alinipa starehe yake bila karibu yangu.

Kufunga mlango kule kuna uzito mwingine pia, ambao sikuufikiria usiku ule. Mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Watu waliniambia kwamba miezi ile walipika jua lingalipo na kuzima moto mapema, na kwamba ukisikia hodi usiku hukuitikia. Kijiji kilichojifunza upya kupika mlango ukiwa wazi hakikuhitaji mgeni wa chuo kikuu aje kuufunga kwa ajili ya chipsi.

Hapo ningeweza kuishia, na makala ingekuwa rahisi: kula peke yako si kosa, kujificha ndiko kosa. Niliamini hivyo kwa wiki moja hivi. Kisha nikarudi kwa bibi kusahihisha swali la nane.

Programu iliyokuwa kwenye kishikwambi changu haikuikubali ile namba tatu. Ukiweka watatu inafungua mistari mitatu, na kila mstari unataka umri, jinsia, na kama mtu huyo alilala hapo usiku wa jana. Haina ubaya, kaya lazima iwe na mipaka, la sivyo huwezi kuhesabu. Sensa ya Agosti 2022 ilituambia kwamba kaya ya Mtanzania ina wastani wa watu 4.3, na hakuna anayeuliza yule 0.3 anakula nini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umerudi na mashine yako."

Tulikaa barazani. Nikamuuliza taratibu: mmoja ni wewe. Wa pili? Akasema wa pili ni mtoto wa jirani, ambaye anakuja akitaka na asipotaka haji. Alikuwa yuleyule mleta sahani. Na wa tatu?

Wa tatu ni mwanawe. Aliondoka mwaka 2017.

Alienda wapi, sikuuliza. Nilikuwa na swali hilo kwenye dodoso, namba kumi na nne, "mwanakaya aliyehama na sababu," na kidole changu kilikuwa juu yake. Sikuliuliza.

Aliendelea mwenyewe. Kila jioni tangu mwaka ule alipika wali wa watu watatu. Kibaba na nusu. Usipolika, kuku walikula asubuhi, na kuku wakanenepa, na mayai akauza. Hata hasara haikuwa kubwa, alisema, kama mtu anayejibu tuhuma. Halafu maji ya 2024 yakachukua mpunga. Mchele anaonunua sasa ni wa kupima kwa kikombe. Unatosha mtu mmoja.

"Kwa hiyo unapika wa mtu mmoja?"

"Mtu mmoja simpikii," akasema. "Kuni za bure."

Anakunywa chai. Anachemsha muhogo mara kwa mara, na muhogo, alinifafanulia, si kupika. Majirani wakileta, anakula. Chungu cha wali kilikuwa kimefunikwa juu ya kichanja kwa zaidi ya mwaka. Nilimtazama mikono, nikaona kitu ambacho safari ya kwanza sikukiona, kwamba ngozi ilikuwa kubwa kuliko mkono. Katika dodoso langu palikuwa na kisanduku chake tayari: "kaya imepunguza idadi ya milo." Ningeweka alama na kwenda nyumba inayofuata, na ningekuwa nimesema kweli.

Kumbe lile fundisho lililonihukumu mimi kwa haki lilikuwa linamuua huyu polepole. Kwamba chakula ni chakula akiwepo wa pili. Kwangu lilikuwa kinga: linamlinda mtoto wa jirani dhidi ya mchoyo mwenye kikaango. Kwake halikuwa na nani wa kumlinda. Njia yake inaishia kwenye mikoko, hakuna apitaye, hakuna wa kuambiwa karibu. Nilijiambia kwamba ningekuwa jasiri ningemwambia: bibi, una wajibu kwa nafsi yako, mtu ni mtu hata akiwa peke yake, jipikie. Nadhani bado naamini hivyo. Lakini yeye hakuwa amesahau thamani yake. Alijua kuwa mwanamke anayepika wali wa mtu mmoja kila jioni, kila jioni anakubali kwamba wa tatu haji.

Immanuel Kant naye hakupenda kula peke yake. Alikula mlo mmoja kwa siku, mchana, na wageni, na katika kitabu chake cha mwaka 1798 kuhusu anthropolojia aliandika kwamba kula peke yake hakumfai kiafya mwanafalsafa. Aliweka na idadi ya kukaa mezani: wasipungue watatu, wasizidi tisa. Watatu! Nilipokumbuka hilo nilicheka peke yangu kwenye boti. Mji alioishi uliitwa Königsberg, na meli ya kivita ya Wajerumani iliyobeba jina la mji huo ilizamishwa humuhumu kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915. Bibi hajamsoma Kant, na Kant, mwenye mpishi na mtumishi, hakuwahi kuulizwa nani atapika siku wageni wasipokuja.

Wiki ya tano nilipita kwake nikamkuta amelala, joto limempanda. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, akapimwa, ikawa malaria, akapewa dawa mseto. Mhudumu akasisitiza: hizi zinywewe na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo hazifanyi kazi sawasawa.

Nilikuwa na viazi viwili vilivyobaki, vimeanza kuota macho. Chupa ya alizeti ilikuwa robo. Mayai yangu yalikuwa yamekwisha (niliyagawa, baada ya ule usiku, kwa haraka ya mtu anayefukuzwa), kwa hiyo nilichukua ya kuku wake, matatu, madogo, yenye kiini cha rangi ya chungwa.

"Leo unanilisha kuku watatu," akasema kutoka kitandani. Kwa wazee wa kule yai ni kuku anayesubiri.

Nilipika jikoni kwake, kwenye mafiga, mlango wazi. Moto wa kuni si moto wa mkaa. Unaupunguza kwa kuvuta kuni nje, na mimi nilikuwa nachelewa kuvuta. Viazi vya kwanza viliungua kingo. Kikaango kilikuwa kile chake cha chapati, kipana mno, kwa hiyo yai lilitambaa likawa jembamba. Sikuwa na sahani ya ukubwa wake ya kugeuzia. Niligeuza kwa mwiko, ikavunjika. Niliiunganisha kwa kuibana. Haikuwa zege, ilikuwa ukuta baada ya mvua.

Nilimpelekea. Nilimwambia ni dawa, na kwa kuwa ni dawa hakukataa. Mgonjwa ndiye mtu pekee ninayemjua pwani anayepikiwa peke yake bila mtu kuuliza. Uji wa mgonjwa, supu ya mgonjwa. Aliketi, akanawa, akasema bismillahi. Kisha, kwa kidole, akaigawa vipande vitatu.

"Chako hicho."

"Bibi, hii ni yako yote. Dawa inataka mafuta."

"Mafuta nimeyaona. Kula."

Nikala. Ilikuwa imezidi chumvi. Yeye akamaliza chake polepole, akanywa vidonge, akafunika kipande cha tatu kwa bakuli na kukisogeza ukutani, pale pasipofikiwa na kuku.

Asubuhi nilipokwenda kumjulia hali, bakuli lilikuwa limeoshwa na kupinduliwa. Homa ilikuwa imepungua. Huenda alikila yeye usiku ili anywe dozi ya pili. Huenda mtoto wa jirani alipita. Paka wapo pia. Nilikuwa na kishikwambi mkononi, na hili nalo sikuliuliza.

Niliweka 1. Mstari mmoja, umri, mwanamke, alilala hapa jana: ndiyo. Programu ikakubali mara moja. Katika jedwali la tatu la tasnifu yangu yumo, kwenye safu ya kaya za mtu mmoja, na msimamizi wangu ameandika pembeni, "Vizuri, lakini eleza kwa nini kaya hizi hazipiki ilhali zina akiba." Nimeandika aya nne na nimezifuta zote.

Siku ninaondoka alinipa mayai matatu, kila moja limeviringishwa kwa kitambaa na kuwekwa ndani ya kopo lenye pumba za mpunga. Niliyabeba mapajani kwenye boti, kwenye gari, kwenye foleni ya Mbagala. Hakuna lililopasuka. Usiku ule kwenye chumba changu cha kupanga nilimenya kiazi kimoja, nikakaanga, nikamwaga mayai yote matatu, na nikaacha mlango wazi kuelekea uani, kwa makusudi, nikijisikia mtu aliyeelimika.

Mpangaji mwenzangu alipita na ndoo. Nikamwambia, "Karibu."

Nilitegemea starehe. Akaweka ndoo chini, akanawa mikono, akaingia, akaketi kitandani kwangu. Alikula zaidi ya nusu. Alichukua na ule ukingo uliokauka vizuri, ambao nilikuwa nimeuacha wa mwisho.